Kompyuta Iliyohamishwa Haijafa, Imelegea

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki mbili, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa nikimhamisha shangazi yangu kutoka Ruiru kwenda Landless, kule Thika, na kama umewahi kumhamisha mtu aliyekaa nyumba moja kwa miaka 14 unajua kwamba kazi haiishi pikapu ikishusha mizigo. Hapo ndipo inapoanza.

Landless, kwa msomaji asiyeijua, iko upande wa Garissa Road ukishapita Makongeni. Jina linasema watu wasio na ardhi, lakini siku hizi kila ukigeuka kuna mtu anamwaga msingi. Shangazi naye alijenga hapo nyumba yake polepole, leo mawe, mwakani mabati, hadi mwezi uliopita akaamua kwamba kodi ya Ruiru imetosha. Safari yenyewe si ndefu, kama kilomita 20 hivi za ile barabara kuu iliyofunguliwa 2012, halafu unaingia Garissa Road, halafu unaiacha lami. Kile kipande cha mwisho, cha mashimo na vumbi jekundu, ndicho kilichoniletea makala haya.

Kompyuta ya shangazi ni ya mezani, mtumba kutoka Uingereza, aina ile ambayo ofisi za huko huziuza kwa jumla zikinunua mpya, nasi tunazikuta Nairobi zimepangwa kama matofali. Kwa miaka sita aliyokaa nayo aliizima kila usiku, lakini plagi haikuwahi kutoka ukutani. Likumbuke hilo la plagi, tutalirudia.

Jumamosi jioni akaiwasha nyumba mpya. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Na tena. Jumatatu akaifunga kwenye bodaboda (Mungu wangu!) hadi kwa fundi mjini. Fundi akaingia nayo chumba cha nyuma, na baada ya saa moja akatoka na hukumu: "Mama, madabodi imeungua." Yaani ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Shilingi 8,500 akiwekewa mwingine, au 14,000 apewe kompyuta nyingine kabisa. Na isitoshe, akaambiwa, Windows 10 nayo imekufa, kwa hivyo afadhali anunue tu.

Hilo la Windows 10 lina ukweli ndani yake. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za umri huu hazikubaliki kwenye Windows 11. Lakini programu iliyoacha kuhudumiwa haizimi skrini. Ukweli mmoja ulitumiwa kusindikiza uongo.

Mpaka hapo ungesema ni hasara ya kawaida ya kuhama, kama kabati kuvunjika kioo. Shida ni kilichokuwa ndani ya diski. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha wanawake 22 cha Ruiru. Michango ya kila mwezi, mikopo, riba, faini za kuchelewa, yote yako kwenye faili moja la Excel, na Jumapili ya wiki ile ile ilikuwa siku ya kugawana. Ungeweza kuijenga upya sehemu kutoka kwenye jumbe za M-Pesa, lakini wako wanaolipa taslimu, na wako waliokopeshwa taslimu. Zamani kulikuwa na kitabu cheusi cha kurasa kubwa. Ni mimi niliyemshawishi akiache. Nilimwambia kitabu kitaliwa na panya. Nilimwambia pia kwamba nitampangia nakala ya akiba, na sikupanga.

Jumanne akaeleza kwenye kundi lao la WhatsApp yaliyotokea. Mmoja akajibu: "Yaani kompyuta imekufa wiki ya kugawana?" Halafu kimya. Hakuna mwingine aliyeandika kitu siku nzima. Kama hujawahi kushika pesa za watu, huwezi kujua uzito wa kimya cha namna ile.

Nilifika Landless Jumatano usiku nikiwa na bisibisi, tochi, na flashi yenye Windows ya kusakinisha upya. Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa programu. Mashine ikigoma, akili yangu inakimbilia programu, kama vile fundi wa bomba anavyolaumu bomba. Flashi ile nusura ifanye kazi mbaya kuliko fundi wa mjini.

Tukaanza nje. Ninawaomba nanyi muanze nje, hata kama inaonekana ni upuuzi. Je, soketi ya nyumba mpya inafanya kazi? Ichomekee chaji ya simu uone. Je, ekstensheni imewashwa? Je, waya wa skrini umeingia tundu sahihi? Hili la mwisho huwakamata wengi wakati wa kuhama, kwa sababu kompyuta yenye kadi ya picha huwa na matundu mawili ya skrini nyuma, moja la ubao mama na moja la kadi, na mara nyingi lile la ubao mama huwa limezimwa. Ukichomeka huko unaona giza na unaanza kuita mafundi. Tazama pia kama nyuma kuna kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hivyo kinapaswa kukaa 230. Kikisukumwa upande wa pili na kona ya kabati ndani ya pikapu, ukiwasha utasikia mlipuko, na hapo ndipo kitu kitakuwa kimeungua kweli.

Nje kulikuwa salama. Nikawasha nikanyamaza nikasikiliza. Kompyuta ilikuwa inalia. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Shangazi akasema, "Aah, hiyo imekuwa ikilia tangu Jumamosi, nilidhani ni king'ora cha jirani." Milio hiyo ni lugha. Kila kompyuta ikiwashwa hujikagua kabla hata ya kugusa diski, na kwa kuwa bado haina skrini ya kusemea, huongea kwa milio. Kwenye zile IBM za 1981, mlio mmoja mfupi ulimaanisha yote salama, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulimaanisha tatizo liko upande wa skrini. Baadaye kila mtengenezaji alijitungia lugha yake, na wengine wakahamia kwenye taa, kwa hivyo lazima utafute maana ya milio ya aina yako. Ya shangazi ilikuwa inasema: sioni memori.

Sasa fikiria jambo hili. Ubao ulioungua hauwezi kukuambia hauoni memori. Ubao unaolia ni ubao unaoishi, umefika hatua fulani ya ukaguzi, umekwama, na unaomba msaada. Yeyote aliyeisikia milio ile na bado akasema ubao umekufa, ama hakusikiliza au hakutaka kusikiliza.

Tukaing'oa plagi, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha ili nisiupige ubao kwa umeme wa mwili wangu, nikafungua. Kadi za memori zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa kadi ya simu hivi, na kile kibano chake kimefunguka. Kisa kizima hicho. Kadi hizi husimama wima kwenye mfereji, zimeshikwa na vibano viwili vya plastiki na msuguano tu. Miaka sita ya kupata joto mchana na kupoa usiku huilegeza kidogo kidogo, halafu inakuja siku moja ya mashimo na kupigwapigwa, inachomoka kabisa. Nikazitoa zote mbili, nikasugua meno yao ya shaba polepole kwa raba ya penseli, nikapangusa makombo, nikairudisha moja peke yake hadi vibano vikalia ka! pande zote mbili. Nikawasha. Skrini ikawaka. Shangazi akapiga kigelegele kilichoamsha mbwa wa Landless nzima.

(Msidhani ni mambo ya mitumba ya Afrika. Mwaka 1980 Apple walitoa kompyuta iliyoitwa Apple III, ambayo chipu zake zilikuwa zikijilegeza zenyewe kutoka mahali pake. Ushauri uliotolewa, na ambao watu wa kompyuta wanausimulia wakicheka hadi leo, ulikuwa kuinyanyua mashine inchi chache juu ya meza na kuiachia ianguke. Tafadhali usijaribu.)

Kigelegele kilikuwa cha mapema. Skrini ilionyesha saa imerudi 2010, kisha nembo ya Windows, kisha ule ukurasa wa bluu, kisha ikajizima na kujiwasha upya. Ukurasa wa bluu tena. Mzunguko usioisha. Mkono wangu ukaenda mfukoni kwenye flashi. Windows imeharibika, nikajiambia, niiweke upya tumalize, ni saa tano usiku.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya dakika hiyo. Kusakinisha Windows upya kwa haraka, jinsi tunavyofanya wengi, ni kufuta diski. Laiti ningefanya hivyo, kompyuta ingewaka vizuri, mimi ningeonekana shujaa, na faili la wanawake 22 lingekuwa limekwenda kwa mkono wangu mwenyewe. Ninaamini faili nyingi za Wakenya zimefia hapo, mikononi mwa mtu mwenye nia njema na flashi mfukoni, kuliko zilizofia kwenye diski mbovu.

Kilichonizuia ni ile 2010. Turudi kwenye plagi basi. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri bapa kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuhifadhi saa na mipangilio ya ubao mama umeme usipokuwepo. Plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, umeme kidogo huendelea kufika kwenye ubao na betri hupumzika. Kwa hiyo betri inaweza kufa na usijue kwa miaka. Siku unapong'oa plagi ili uhame ndiyo siku inayoitwa kazini, na haiamki. Saa inarudi kiwandani. Mipangilio nayo inarudi kiwandani, na mmoja kati ya hiyo ni namna ubao unavyoongea na diski. Windows ilisakinishwa ikizoea namna moja. Ikiamka ikakuta namna nyingine, haioni diski yake yenyewe, inatoa ukurasa wa bluu. Hakuna kilichoharibika hata kidogo. Ni kama mtu kubadilisha kitasa cha mlango ukiwa safarini, nyumba iko pale pale na vitu vyako vimo ndani.

Nikaingia kwenye BIOS, nikabadilisha mpangilio huo ukawa ule mwingine, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi. (Tarehe si urembo. Kivinjari chenye saa ya 2010 kitakataa karibu kila tovuti salama, na utadhani intaneti ndiyo mbovu.) Windows ikafunguka saa saba kasoro dakika ishirini usiku. Faili lilikuwepo, mpaka safu ya mwisho. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kulinakili kwenye flashi ile ile niliyokuja nayo kuliua, na kujitumia kwa barua pepe. Betri mpya nilinunua kesho yake dukani kwa shilingi mia moja.

Hebu niseme na la diski, maana ndilo la kuogopwa. Diski ya kuzunguka hugeuka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake cha kusoma huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Ikiwa imezimwa, kichwa huegeshwa kando na diski huvumilia mashimo ya Landless. Ikiwa inazunguka, hata kuisukuma meza kwa nguvu ni hatari. Kwa hiyo izime, subiri inyamaze, ndipo ubebe. Ukifika ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, zima na usiwashe tena "kujaribu". Kila jaribio linakwangua. Na kompyuta yenyewe ilazwe ubavu katika gari, ubao mama ukiwa chini, ili vitu vizito vilivyopandwa juu yake visimame badala ya kuning'inia. Na kile kisanduku cha umeme cha ndani usikifungue hata kama una bisibisi nzuri. Hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje.

Sasa kuhusu fundi. Nilikuwa nimejipanga kuandika makala ya kumlaani. Alhamisi nikapita dukani kwake, bila hasira (nilikuwa nimelala saa tatu tu), nikamwambia ukweli: ilikuwa kadi ya memori na betri. Hakubisha sana. Akaniambia, "Boss, nikimwambia mteja ni memori imelegea, ananiuliza, na hiyo ndiyo unanilipisha? Ananipa mia, ama anasema asante. Nikimwambia ni madabodi, analipa." Akanionyesha kibanda: kodi, stima, kijana mmoja anayemsaidia.

Sikumsamehe. Alikuwa tayari kuchukua 8,500 za mwanamke kwa kazi ya dakika tatu, na kama angemwuzia kompyuta nyingine, diski yenye hesabu za chama huenda ingeishia kwenye rundo la spea. Lakini sikuweza kubisha hesabu yake pia, kwa sababu naijua. Mwaka fulani nilitafuta hitilafu katika mfumo wa mteja kwa siku mbili, nikaipata, nikaisahihisha kwa mstari mmoja. Mteja akatazama ule mstari akasema, "Ni hii tu?" na akataka bei ipunguzwe. Tangu hapo, nakiri, nimewahi kupeleka kazi ikiwa imerembwa kidogo ili ionekane nzito.

Tumezoea kulipia kitu kinachoshikika. Spea tunalipia bila kubishana. Macho ya mtu aliyekaa miaka akijifunza kusikiliza milio, hayo tunayaita bure. Tunamlipa daktari kabla hajatuandikia hata panadol, lakini fundi wa kompyuta akisema kuangalia ni 500 tunamwona mwizi, tunamwendea yule anayeangalia bure. Yule wa bure naye atakula wapi kama si kwenye ubao mama wako?

Kwa hiyo maoni yangu, na najua mafundi wengine watanikasirikia na wateja pia: kuangalia kulipiwe, kutajwe bei mapema, na kufanyike mbele ya mwenye mali. Fundi akiniambia 500 nione, nami nikae hapo hapo kwenye stuli nikimtazama anavyotoa memori na kuirudisha, nitamlipa hata akimaliza kwa dakika mbili. Akisema lazima aingie nayo chumba cha nyuma, nitabeba kompyuta yangu. Nawe mwenye kompyuta, kabla hujafika kwake, jaribu yale ya nje, sikiliza milio, na ukiwa na ujasiri na plagi iko nje, fungua kasha utazame kama kuna kitu kimeinuka. Halitakuuma.

Jumapili niliwapeleka shangazi na kompyuta nzima Ruiru (ndiyo, ilisafiri tena, imelala ubavu juu ya godoro). Angeweza kwenda na karatasi, lakini alitaka waione ikiwaka. Waligawana. Yule aliyeandika kwenye kundi alikuwa wa kwanza kupewa chai.

Wiki iliyofuata printa ya chama nayo ikagoma, na mimi nilikuwa kazini Nairobi. Shangazi akamwita kijana mmoja wa Landless, akamwambia aifungue pale pale sebuleni. Ilikuwa kipande cha karatasi kimekwama ndani. Kijana akakitoa kwa koleo, akasema hakuna deni, mama, ni karatasi tu. Shangazi akamlipa. Kisha akafungua faili la chama na kuandika kwenye safu ya matumizi: fundi, kuangalia, 500. Katika mkutano mwanachama mmoja akauliza, kuangalia nini?

"Kuangalia," shangazi akajibu, na akasoma mstari uliofuata.